Nani Atashika Funguo za Hospitali Zetu?

Katika kipindi cha miaka michache iliyopita wananchi wa Unguja na Pemba wameshuhudia majengo ya afya yakiinuka kwa kasi isiyowahi kuonekana tangu yalipofanyika Mapinduzi ya 1964. Hospitali ya Abdulla Mzee huko Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na ikafunguliwa mwaka 2016. Baada ya janga la Uviko-19, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulisaidia kujenga hospitali za wilaya katika visiwa vyote viwili, na hospitali ya mkoa ikasimama Lumumba, mjini Unguja. Mwaka 2023 ukaundwa kwa sheria Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ili hospitali zipate chemchem nyengine ya fedha. Haya ni maendeleo ambayo kila mwenye macho anayaona, na kila mwenye insafu hana budi kuyashukuru.

Lakini jengo peke yake halimtibu mtu. Mgonjwa anayefikishwa hospitali usiku wa manane anahitaji daktari awe zamu, damu iwe tayari, jenereta iwe na mafuta, dawa iwe kabatini, shuka iwe imefuliwa na gari la wagonjwa liwe na dereva. Kila kimoja kati ya hivyo kina mtu wake. Suala ni kuwa, je, yuko nani mwenye dhamana ya vyote kwa pamoja? Na mtu huyo kafundishwa wapi, kapandishwa vipi, na akishaijua kazi yake vyema, elimu yake inamfaidisha nani?

Rai yetu ni hii: kuongoza huduma za afya ni taaluma inayojitegemea, kama ulivyo upasuaji au uhasibu. Ina mafunzo yake, vipimo vyake na daraja zake, na mtu anaweza kuijengea maisha yake yote ya kazi, kuanzia meza ya ghala katika kituo cha afya cha kijijini mpaka kwenye kiti cha mshauri mwelekezi anayeshauri hospitali na makampuni. Visiwa vyetu vimejitahidi sana kusomesha madaktari na wauguzi. Wakati umefika wa kuwalea kwa makusudi wale watakaoshika funguo.

KISU NA KALAMU

Katika nchi nyingi, na kwetu pia, desturi iliyozoeleka ni kumchukua daktari bora na kumfanya mkuu wa hospitali. Nia huwa njema, kwani chanda chema huvikwa pete. Lakini mara nyingi matokeo yake ni hasara mara mbili: wagonjwa wanampoteza mpasuaji hodari, na ofisi inampata mtawala ambaye hakupata kufundishwa kusoma mizania, kuandika masharti ya zabuni wala kusuluhisha ugomvi wa zamu. Daktari huyo hastahiki lawama. Alisoma miaka mingi ili amhudumie mgonjwa mmoja aliye mbele yake. Ghafla anatakiwa awahudumie mamia asiowaona, na chombo chake ni karatasi.

Wenzetu waliokutana na tatizo hili zamani walichukua muda kulitambua. Huko Marekani, waendeshaji wa hospitali waliunda jumuiya yao ya kitaaluma mjini Chicago mwaka 1933, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha masomo ya shahada ya uendeshaji wa hospitali. Uingereza, ambayo huduma yake ya afya ya taifa ilianza 1948, ilikawia zaidi. Katika miaka ya 1970 hospitali zake ziliongozwa kwa maafikiano baina ya daktari, muuguzi, mhasibu na mtawala, na kila mmoja wao aliweza kuuzuia uamuzi. Mwaka 1983 serikali ya huko ilimwita Roy Griffiths, mkurugenzi wa maduka ya vyakula ya Sainsbury's, ili auchunguze uendeshaji huo. Griffiths aliandika kwamba lau Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa vita vya Crimea, angepita tena na taa yake katika korido za hospitali hizo, bila shaka angekuwa anawatafuta wenye dhamana. Alipendekeza kuwe na meneja mkuu katika kila ngazi, awe daktari, muuguzi au mtu wa fani nyengine, ilimradi ajulikane na awajibike.

Watu wa pwani hawakuhitaji kungoja ripoti ya mwenye duka wa London ili walijue hilo. Wazee wetu walishasema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Hata hivyo, ni haki kueleza kwamba madaktari na wauguzi wengi wa Uingereza waliyapinga mapendekezo yale, kwa kuhofia kuwa hospitali zitageuzwa maduka na mgonjwa atageuzwa mnunuzi. Hofu hiyo ina uzito wake, na mbele tutaona namna wengine walivyoijibu.

HESABU YA KITANDA

Yawezekana msomaji akauliza ni elimu gani hiyo inayohitaji daraja yake ya peke yake. Tutoe mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Hospitali yenye vitanda 60 ina siku za kitanda 1,800 katika mwezi wa siku 30. Tuseme mwezi huo wamelazwa wagonjwa 306, na kila mmoja kwa wastani amekaa siku 5. Zimetumika siku 1,530, yaani asilimia 85. Mkuu wa hospitali anaona wodi zake zinakaribia kujaa, anaandika barua Wizarani kuomba jengo jipya.

Meneja aliyefundishwa haanzi kwa barua hiyo. Huanza kwa kuuliza: kwa nini siku 5? Akifuatilia, huenda akakuta kwamba mgonjwa aliyepata nafuu siku ya nne bado analala akisubiri majibu ya maabara, au kwamba karatasi za kuruhusiwa hutiwa saini siku mbili tu kwa wiki. Akiyarekebisha mambo hayo, na wastani ukashuka hadi siku 4, basi siku zile zile 1,530 zitawatosha wagonjwa 382. Hao ni wagonjwa 76 zaidi kwa mwezi, bila ya kumwaga hata karai moja ya zege.

Mfano wa pili ni wa ghala, na kwa watu wa visiwani ghala ni suala la uhai. Tuseme dawa fulani hutumika makasha 40 kwa mwezi, na tangu kuagizwa hadi kufika kwake hupita miezi 2. Hesabu nyepesi inaonesha kwamba lazima iagizwe yanapobaki makasha 120: makasha 80 ya kutumia wakati wa kusubiri, na makasha 40 ya akiba, pindi bahari ikichafuka au meli ikikawia. Anayengoja mpaka abakiwe na makasha 20 ndipo aandike hati ya kuomba, keshawahukumu wagonjwa wa zaidi ya mwezi mmoja kurudi majumbani mikono mitupu. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyefanya khiyana. Limekosekana daftari tu. Na mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano wa tatu ni wa mashine. Utafiti wa Perry na Malkin, uliochapishwa mwaka 2011 na kukusanya takwimu za hospitali katika nchi 16 zinazoendelea, ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 38.3 ya vifaa vya tiba vilikuwa havifanyi kazi. Sababu zilizotajwa zilikuwa upungufu wa mafunzo, uendeshaji dhaifu wa vifaa hivyo na ubovu wa miundombinu kama vile umeme. Tafsiri yake ni kwamba panapokosekana mtu wa kuandika tarehe ya matengenezo, wa kuweka fungu la vipuri katika makadirio na wa kumsomesha fundi, mashine ya eksirei iliyopokewa kwa hotuba na ngoma huishia kufunikwa shuka ndani ya chumba kilichofungwa.

Kwa kuwa sasa baadhi ya huduma katika hospitali zetu zimekabidhiwa makampuni binafsi kwa mikataba, elimu hii imezidi kuwa ya lazima. Anayeandika mkataba wa usafi au wa vipimo vya maabara lazima ajue kipimo kimoja kinagharimu kiasi gani, ubora wake unapimwaje na adhabu ya kuchelewesha majibu ni ipi. Kadhalika, bima na mifuko ya afya hulipa kwa kufuata madai yaliyoandikwa. Dai lililojazwa ovyo hukataliwa, nayo hospitali inakuwa imefanya kazi ya bure.

FUNZO LA MALARIA

Wako watakaosema kuwa mambo haya ni ya nchi kubwa zenye fedha nyingi. Sisi tunaamini kuwa ushahidi mkubwa wa umuhimu wa uongozi wa afya uko hapa hapa nyumbani, katika historia ya malaria.

Tangu mwisho wa miaka ya 1950 visiwa hivi viliendesha kampeni kubwa ya kuifuta malaria kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Nyumba zilipigwa dawa na maradhi yakapungua sana. Mwaka 1968 kampeni hiyo ikasimamishwa, na katika miaka ya 1970 malaria ikarejea kwa nguvu. Elimu ya kuua mbu ilikuwa bado ipo na dawa zilikuwa zinajulikana. Kilichokatika ni ufuatiliaji.

Karne mpya ilipoingia, kazi ilianzwa upya. Mwaka 2003 ikaletwa dawa mseto, kisha vikagawiwa vyandarua vilivyotiwa dawa, na mwaka 2006 ukarejeshwa upigaji wa dawa majumbani. Kufikia mwaka 2008 watu wenye vimelea vya malaria walikuwa wameshuka na kuwa chini ya asilimia 1. Safari hii liliongezwa jambo moja ambalo halikushangiliwa sana mitaani: kuanzia mwaka huo wa 2008 vituo vya afya, kwanza vichache kisha vyote, vilianza kutuma kila wiki kwa simu ya mkononi idadi ya waliopimwa na waliokutwa na malaria. Kwa njia hiyo ikawezekana kuliona ongezeko katika shehia moja kabla halijawa mlipuko wa wilaya nzima.

Hiyo ndiyo maana ya uongozi wa afya. Dawa na chandarua vilifanya kazi yake, lakini vililindwa na taarifa ya kila wiki, na na mtu aliyepewa dhamana ya kuisoma na kuchukua hatua. Tuliyopoteza baada ya 1968 yanatukumbusha kuwa ushindi wa afya usio na msimamizi ni amana iliyoachwa barazani bila ya mlinzi.

NGAZI YA KIJANA

Sasa tuwageukie vijana wetu. Kila mwaka skuli zetu hutoa wanafunzi wanaopenda kuitumikia afya lakini wakadhani kwamba mlango ni mmoja tu, nao ni udaktari. Tunapenda kuwaambia kwamba uko mlango wa pili, na wanaweza kuuingia kutoka pande nyingi: uuguzi, ufamasia, maabara, uhasibu, takwimu, ununuzi au ufundi wa mitambo.

Hatua ya kwanza ni kuijua fani moja kwa dhati. Anayetaka kuongoza wauguzi bila ya kujua zamu ya usiku ikoje, au kuongoza ghala bila ya kuwahi kuhesabu makasha kwa mkono wake, ataongoza kwa kubahatisha. Hatua ya pili ni kuomba dhamana ndogo na kuitimiza. Kituo cha afya cha Kojani au cha Tumbatu, ambako kila kitu lazima kivuke maji, ni chuo kizuri cha uongozi kuliko meza ya mjini. Anayeweza kukiendesha kituo cha kisiwa kidogo mwaka mzima bila ya kukosa dawa muhimu, na hesabu zake zikapita kwa mkaguzi, huyo keshatoa shahada yake ya kwanza kwa vitendo.

Hatua ya tatu ni masomo. Hapa Zanzibar chuo cha afya cha Mbweni kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, na mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 2007 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba. Kwa upande wa uendeshaji, Chuo Kikuu cha Mzumbe huko Morogoro hufundisha uendeshaji wa mifumo ya afya, Arusha kuna kituo cha CEDHA kinachowafundisha viongozi wa afya, na Nairobi Chuo Kikuu cha Strathmore hutoa shahada ya uzamili ya biashara iliyolenga huduma za afya. Tanzania Bara ina hata kada ya utumishi iitwayo Katibu wa Afya, ambaye kazi yake ni utawala wa hospitali na huduma za afya za wilaya. Milango hiyo iko karibu, na nauli yake si ya kwenda Ulaya.

Hatua ya nne ni kuhama. Mtu aliyekaa miaka kumi na tano katika ofisi moja ana uzoefu wa mwaka mmoja aliourudia mara kumi na tano. Mwenye nia ya kuongoza na apitie hospitali ya wilaya, Bohari Kuu ya Dawa, kitengo cha bajeti cha Wizara na, ikiwezekana, hospitali binafsi, ambako mshahara wa mwezi ujao hutegemea malipo ya mwezi huu. Akishayapitia hayo ndipo anapoweza kukaa na daktari, mhasibu na mkandarasi katika meza moja na akawaelewa wote watatu.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Hatua ya mwisho ni ushauri, nayo ndiyo inayowavutia wengi kwa sababu ya malipo yake. Ni vyema tuitazame kwa makini.

Kazi ya ushauri wa biashara, kama ijulikanavyo leo, ilikua kutokana na daftari la hesabu. James McKinsey, aliyeanzisha mwaka 1926 kampuni yenye jina lake, alikuwa mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kampuni hiyo ilifika mpaka kwetu. Mwaka 1972, Tanzania Bara ilipoanzisha mpango wa Madaraka Mikoani, McKinsey ndio walioajiriwa kutoa ushauri wa muundo wake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Bunge lilipitisha sheria za kuzirejesha serikali za mitaa zilizokuwa zimeondolewa. Huko Uingereza washauri hao hao walishiriki katika kuupanga upya muundo wa huduma ya afya ulioanza mwaka 1974; mwaka 1982 ngazi moja nzima ya muundo ule ikafutwa.

Hatuyataji haya ili kuibeza kampuni hiyo, kwani serikali ndizo zilizoamua, na hakuna mpango wa binadamu usiohitaji marekebisho. Tunayataja kwa sababu yanaonesha tabia ya ushauri wenyewe. Mshauri huja na mkoba, hukaa miezi michache, huandika ripoti na huondoka. Makosa yakidhihirika baada ya miaka minane au kumi, yeye hayupo, yupo mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na kuondoka, na mwenyeji akabaki na maradhi yale yale pamoja na ripoti yenye jalada zuri, basi ugeni huo haukuwa na baraka.

Upo ushauri wa aina ya pili, na mfano wake unapatikana India, nchi ambayo wagonjwa wetu wengi wamepelekwa kwa matibabu. Mwaka 1976 Dk. G. Venkataswamy, daktari wa macho, alistaafu kazi ya serikali akiwa na umri wa miaka 58. Vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na baridi yabisi, naye alikuwa amejifundisha upya namna ya kushika kisu. Akafungua huko Madurai hospitali ndogo ya vitanda 11 aliyoipa jina la Aravind. Shabaha yake ilikuwa kuwaondolea watu maskini upofu wa mtoto wa jicho, na alijua kwamba huruma peke yake isingetosha. Aliipanga kazi kwa utaratibu mkali: wasichana kutoka vijijini walifundishwa kazi zote za matayarisho, daktari akawekewa meza mbili ili akimaliza mgonjwa mmoja ageuke kwa mwengine aliyekwisha tayarishwa, na wenye uwezo wakalipa ili wasio nacho watibiwe bure au kwa malipo madogo. Mwaka 1992 lenzi za kupandikiza jichoni zilipokuwa ghali mno, taasisi hiyo ikaanzisha kiwanda chake yenyewe.

Lililo muhimu zaidi kwa mada yetu ni kwamba Aravind haikuwategemea madaktari pekee. Katika miaka yake ya mwanzo ilimpata R. D. Thulasiraj, msomi wa chuo cha uendeshaji cha India kilichopo Calcutta, ambaye aliishughulikia kazi ya uendeshaji kwa miaka mingi. Mwaka 1992 ikazaliwa ndani yake taasisi ya LAICO, ambayo kazi yake ni kuzifundisha na kuzishauri hospitali nyengine za macho, ndani na nje ya India. Washauri hao hawakuanzia katika ushauri. Kwanza waliendesha, wakapima, wakarekebisha. Ndipo wakawa na la kumwambia mwengine. Na hili ndilo jibu la ile hofu ya madaktari wa Uingereza: utaratibu wa biashara unaweza kuwa mtumwa wa huruma, iwapo wenye hospitali wameamua tangu mwanzo nani ni bwana na nani ni mtumwa.

Kwa hiyo, kijana anayetaka siku moja kuandika katika kadi yake kwamba ni mshauri mwelekezi wa afya, na ajiulize maswali matatu. Je, kuna kituo, wodi au ghala ambalo niliwahi kuliendesha likawa bora kuliko nilivyolikuta, na nambari zinazothibitisha? Je, nina ujasiri wa kumwambia anayenilipa kwamba mpango wake haufai? Je, nimejiepusha kumshauri mnunuzi huku nikipokea chochote kwa muuzaji? Asiyeweza kuyajibu yote matatu anauza maneno. Anayeweza, kazi anayo hapa nyumbani: hospitali binafsi na zahanati zinahitaji msaada wa kupanga bei, kudhibiti dawa, kuandika madai ya bima na kutayarisha maombi ya mikopo ya benki.

WAJIBU WA SERIKALI

Tunamalizia kwa kuwaelekea viongozi wetu, ambao ndio wenye uwezo wa kuligeuza neno kuwa tendo. Kwa unyenyekevu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, iwekwe ngazi kamili ya utumishi kwa waendeshaji wa huduma za afya, yenye vyeo na mishahara inayopanda, ili daktari asilazimike kuacha wodi kwa ajili ya kutafuta cheo, na mwendeshaji hodari asilazimike kukimbilia mradi wa wafadhili kwa ajili ya kutafuta riziki. Kwa mujibu wa sensa ya 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773. Nchi ya kiasi hicho haihitaji maelfu ya mameneja wa afya. Kundi dogo lililochaguliwa vyema na kufundishwa sawasawa litatosha kuanza kazi.

Pili, kila mkuu wa hospitali apewe madaraka yanayolingana na dhamana yake. Mtu asiyeweza kununua balbu ya chumba cha upasuaji bila ya kungoja saini ya mjini asiulizwe kwa nini kuna kiza. Lakini akishapewa madaraka hayo, naye aweke wazi kila mwezi, mahali ambapo mwananchi anaweza kusoma, nambari chache: siku ambazo dawa muhimu zilikosekana, mashine zisizofanya kazi, muda wa kungoja na idadi ya kinamama na watoto wachanga waliofariki. Nambari hizo zitaumiza mwanzoni. Zikifichwa zitaumiza zaidi.

Tatu, kusiwe na mkataba wa mshauri mwelekezi, awe mgeni au mwenyeji, usiokuwa na mrithi. Hadidu za rejea ziseme kwamba atafanya kazi bega kwa bega na maofisa wetu wawili au watatu waliotajwa kwa majina, kwamba mahesabu na takwimu zote zitabaki mikononi mwa Serikali, na kwamba sehemu ya malipo yake italipwa baada ya mapendekezo kujaribiwa katika kituo kimoja na matokeo kuonekana.

Nne, Pemba isisahauliwe. Mafunzo yote yakifanyika mjini Unguja, watakaofaidika ni walio karibu na mjini. Pemba ina hospitali zake, na huko Wawi ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo imethibitisha kuwa kazi ya kitaalamu ya hali ya juu inaweza kufanyika na kudumu nje ya mji mkuu. Chuo cha vitendo cha waendeshaji wa afya kinaweza kabisa kuwekwa huko.

Haya yote yanahitaji fedha kidogo kuliko wodi moja mpya, na yanahitaji subira zaidi, maana meneja mzuri hazinduliwi kwa kukatwa utepe. Hukua polepole, kwa kupewa kazi, kusahihishwa na kuaminiwa. Hospitali zetu mpya zimejengwa kwa sehemu kwa mkopo, na mkopo huo watoto wetu watashiriki kuulipa. Haki yao ndogo kabisa ni kuzikuta hospitali hizo zikifanya kazi.